Maisha, Umri na Chaji: Uhakiki wa Istilahi za Betri ya Simujanja

Miongoni mwa maandishi ya kitaalamu yanayosomwa na wananchi wengi kwa Kiswahili, maelekezo ya simu inayoishiwa chaji upesi yana nafasi ya pekee. Huyasoma karani aliye safarini, mwalimu anayetakiwa kutuma alama za wanafunzi kabla ya saa kumi, na muuguzi ambaye orodha ya wagonjwa wake imo katika simu. Wote hawa wanataka kujua jambo moja tu: kwa nini simu iliyojazwa asubuhi imezima kabla ya adhuhuri, na wafanye nini. Msomaji wa namna hii akipewa neno lisilo sahihi atatenda tendo lisilo sahihi, na mara nyingi atalilipia fedha. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuzipima istilahi zinazotumika katika uwanja huu kwa kigezo kimoja: je, neno linampeleka msomaji kwenye chanzo cha hitilafu, au linampoteza njia?

Istilahi tunazozihakiki zimetoka katika makundi mawili. La kwanza ni la zile zilizomo ndani ya simu zenyewe, mtumiaji anapochagua Kiswahili kuwa lugha ya simu yake. La pili ni la zile zinazotumika katika vijitabu, matangazo na makala za magazeti. Pamoja na hayo tumeliweka kundi la tatu ambalo wafasiri wengi hulipuuza, nalo ni la maneno ya mafundi na wateja wao. Utaratibu wa kuunda istilahi unaofahamika kwa wasomaji wa jarida hili unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kugeukia lugha nyingine. Katika suala la betri utaratibu huo haukufuatwa, na hasara yake inaonekana.

Utata wa "maisha ya betri"

Waingereza hutumia usemi mmoja, wenye neno la uhai ndani yake, kwa mambo mawili yaliyo tofauti kabisa. Jambo la kwanza ni muda ambao simu hufanya kazi tangu ilipojazwa chaji hadi inapozima. Muda huu hupimwa kwa saa. Jambo la pili ni muda ambao betri hufaa kwa matumizi tangu ilipoanza kutumika hadi inapochakaa. Huu hupimwa kwa miaka, au kwa idadi ya mizunguko ya chaji. Msemaji wa Kiingereza huyatenga mambo haya kwa muktadha, na mara nyingine hata yeye hushindwa. Mfasiri wetu alipoandika "maisha ya betri" aliuhamisha utata huo mzima mzima na kuuingiza katika lugha ambayo haikuwa nao.

Hebu tuwasikilize wateja wa fundi simu. Mmoja husema: "Simu inakula chaji." Wa pili husema: "Betri haikai na chaji." Wa tatu husema: "Chaji haiingii." Kauli hizi tatu zafanana kwa masikio ya mpita njia, lakini kila moja imebeba uchunguzi kamili. Kauli ya kwanza huilaumu simu: betri ni nzima, ila kuna kitu kinachotumia umeme kupita kiasi. Ya pili huilaumu betri: matumizi ni yale yale ya siku zote, ila chombo cha kuhifadhia kimepungua. Ya tatu huwaondolea lawama wote wawili na kuelekeza kidole kwenye chaja, waya au tundu la kuchajia. Lugha ya wananchi, basi, imekwisha kutenga kile ambacho tafsiri rasmi imekichanganya.

Tunapendekeza wafasiri waache "maisha ya betri" na badala yake watumie "muda wa chaji" kwa maana ya kwanza, na "umri wa betri" kwa maana ya pili. Faida yake haiishii kwenye ufasaha. Ofisi ya serikali inayotangaza zabuni ya simu "zenye betri ya maisha marefu" haiwezi kumlaumu mzabuni akileta simu inayodumu siku mbili kwa chaji moja lakini betri yake imechoka baada ya mwaka mmoja, kwa maana masharti yenyewe hayakusema ni maisha gani yanayotakiwa. Masharti yanayodai muda wa chaji usiopungua saa kadhaa, na umri wa betri usiopungua mizunguko kadhaa, hayaachi mwanya huo.

Sheria za nchi nyingine zimekwisha kuuona umuhimu wa utengano huu. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika kwa simujanja tarehe 20 Juni 2025 zinadai betri iweze kuhifadhi angalau asilimia 80 ya ujazo wake wa awali baada ya mizunguko 800 ya chaji. Hapo kinachozungumzwa ni umri peke yake. Atakayeifasiri kanuni hiyo kwa Kiswahili akitumia neno "maisha" ataipotosha. Aidha, hana budi kuieleza istilahi "mzunguko wa chaji", kwa kuwa wengi hudhani ni kila mara mtu anapochomeka waya. Sivyo. Mzunguko mmoja hutimia matumizi yanapojumlika kuwa sawa na ujazo mzima: anayetumia asilimia 50 leo akajaza, na kesho akatumia asilimia 50 nyingine, amemaliza mzunguko 1 tu kwa siku mbili.

Kutatua kabla ya kubaini

Vijitabu vingi vina sehemu iitwayo "Utatuzi wa matatizo". Jina hili linaahidi dawa, lakini kazi inayotajwa huwa na hatua mbili, na ya kwanza ndiyo ngumu: kutafuta ubovu uko wapi. Daktari hatoi dawa kabla ya kupima, na fundi naye hafungui simu kabla ya kuuliza maswali. Tungependelea "kubaini hitilafu" kwa hatua ya kwanza, na "kurekebisha" kwa ya pili.

Kuziunganisha hatua hizi mbili katika neno moja kumezaa orodha ndefu za dawa zisizo na mpangilio: punguza mwanga wa kioo, zima intaneti, futa hiki, ondoa kile. Msomaji hufuata zote kumi, simu yake ikawa haina faida, na asijue hata moja iliyomsaidia. Maelekezo yaliyoandikwa kwa nia ya kubaini hitilafu yangeanza kwa swali: je, chaji hupungua sana hata simu inapolala usiku bila kuguswa? Jibu likiwa ndiyo, huenda kuna programu inayofanya kazi bila mwenyewe kujua, na atazame ukurasa wa matumizi ya betri uone ni ipi. Likiwa siyo, chanzo kitafutwe katika matumizi ya mchana. Na ikiwa simu huzima ghafla ilhali inaonyesha asilimia 20 au 30, ishara hiyo kwa kawaida ni ya betri iliyochakaa, ambayo ukinzani wake wa ndani umekua hata haiwezi kutoa umeme wa kutosha kazi inapokuwa nzito. Hapo hakuna programu ya kufuta itakayosaidia.

Vipimo: kosa la neno "kwa"

Ujazo wa betri huandikwa kwa kipimo cha miliampea-saa. Magazetini, madukani, na hata katika baadhi ya vijitabu twakuta "miliampea 5000 kwa saa". Kosa hili ni dogo kwa macho lakini ni kubwa kwa maana. Katika Kiswahili "kwa saa" huashiria kugawanya, kama tusemavyo kilometa 80 kwa saa. Miliampea-saa hupatikana kwa kuzidisha: mkondo wa umeme mara muda. Betri ya miliampea-saa 5000 yaweza kutoa mkondo wa miliampea 500 kwa muda wa saa 10, au miliampea 1000 kwa saa 5. Kosa la namna hiyo hiyo hufanywa pale uniti za umeme tunazonunua zinapoitwa "kilowati kwa saa", ilhali uniti 1 ni kilowati-saa 1. Walimu wa fizikia watatuelewa tukisema kwamba kistari hiki kidogo kinastahili kupiganiwa.

Kosa la pili ni kuiita namba hiyo "nguvu ya betri". Nishati ni kiasi cha kazi kinachoweza kufanyika. Nguvu ni kasi ya kuitumia nishati hiyo, nayo hupimwa kwa wati. Betri ya miliampea-saa 5000 yenye volti 3.7 ina nishati ya wati-saa 18.5. Kama pasingekuwa na upotevu, uniti 1 ya umeme ingetosha kuijaza mara 54. Kwa hesabu hiyo hiyo, mwenye pawa benki iliyoandikwa 10,000 ataelewa kwa nini haimjazii simu yake mara mbili kamili. Namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani, lakini umeme hutoka kwa volti 5, ambapo nishati ile ile ni sawa na miliampea-saa 7400, na sehemu nyingine hupotea njiani kama joto. Mnunuzi ambaye hajaambiwa haya hudhani ameibiwa. Kwa namba hii ya miliampea-saa tunapendekeza "ujazo wa betri", na neno "nguvu" libaki kwa wati.

Kuokoa, kubana na akiba

Katika simu zilizotiwa Kiswahili kuna kitu kiitwacho "kiokoa betri". Kitenzi kuokoa, katika matumizi yetu ya kawaida, ni kumtoa mtu katika hatari: aliyezama huokolewa, na nyumba iungulayo huokolewa mali zake. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kuokoa mtu na kwa kutumia kitu kwa uangalifu, Kiswahili hutenga. Kinachofanywa na chombo hiki ni kupunguza mwanga wa kioo, kuzizuia programu zisizotumika, na kupunguza kasi ya kazi. Kila mtumishi wa serikali aliyewahi kupokea waraka wa fedha anajua jina la jambo hili: ni kubana matumizi. "Hali ya kubana chaji" ingeeleweka mara moja, nayo ingeonyesha jambo ambalo "kiokoa" hulificha, yaani kwamba anayebana hukubali kukosa kitu fulani. Mtumiaji asingeshangaa ujumbe wake ukichelewa kufika.

Zaidi ya hapo kuna neno "akiba". Katika baadhi ya simu neno hili limepewa maana ya kumbukumbu ambazo programu huziweka karibu ili isizitafute upya kila mara. Mtumiaji hukutana na amri "Futa akiba". Kwa mtu aliyekulia katika jamii inayomfundisha mtoto kwamba akiba haiozi, amri hii yashangaza. Wengine huiogopa, wakidhani picha zao au fedha zao za simu zitapotea. Wengine, kinyume chake, huisoma pamoja na habari ya betri, wakaifanya kila siku wakiamini wanaongeza chaji. Ukweli ni kwamba kuzifuta kumbukumbu hizo huilazimu programu kuzipakua tena, na kupakua hutumia umeme. "Hifadhi ya muda" ingewatoa wote wawili katika shaka. Neno akiba liachiwe kazi yake ya asili, na likihitajika katika uwanja huu litumike kwa chaji inayobaki.

Kuhusu programu zinazoendelea kufanya kazi mtumiaji asipoziona, tumekuta maneno mawili yakishindana: "usuli" na "chinichini". La kwanza tunalikataa. Usuli ni asili au historia ya jambo. Twasema usuli wa mgogoro au usuli wa utafiti. "Data ya usuli" haimwambii msomaji lolote. La pili tunalisifu. Limetoka katika usemi wa kila siku, na hata ule mguso wake wa siri hauna ubaya, kwa kuwa ndivyo hasa programu hizo zinavyofanya: hupeleka na kuleta habari, huuliza mahali simu ilipo, na huamsha simu iliyolala, pasipo mwenyewe kujua. Huu ni mfano wa mfasiri aliyetafuta ndani ya lugha na akapata.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni "mtandao". Leo neno hili hubeba intaneti, kampuni ya simu, na mawimbi ya mnara. Maelekezo yakisema "mtandao hafifu humaliza chaji", msomaji huzima intaneti na kuona amefuata ushauri. Jambo linalotajwa huwa ni mawimbi: simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi yake ili isikike, na hutafuta mnara tena na tena. Dawa yake mahali pasipo na mawimbi ni ile iitwayo "hali ya ndegeni", jina ambalo mkulima aliye bondeni hawezi kulihusisha na shida yake. Neno "mawimbi" litumike kwa maana hii, na vijitabu vieleze kwamba hali ya ndegeni ni kuzima mawimbi, hata kwa asiyepanda ndege.

Afya, uchovu na kuvimba

Mnamo Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa imepunguza kasi ya baadhi ya simu zake zenye betri zilizochakaa ili zisizime ghafla. Mwaka uliofuata ikaweka katika simu hizo ukurasa wa kuonyesha hali ya betri, na tangu hapo usemi "afya ya betri" umeenea hata kwetu. Sitiari yenyewe si mbaya, maana mafundi wetu pia husema betri imechoka au imekufa. Tatizo ni asilimia mbili kukaa katika simu moja. Mtu akiambiwa "betri yako ni asilimia 80", ni ya chaji au ya afya? Ya kwanza hurudi kuwa 100 kwa kuchomeka waya. Ya pili hairudi kamwe. Tunapendekeza ya kwanza iitwe "chaji iliyopo" na ya pili "ujazo uliobaki".

Lugha imehifadhi pia ushauri uliopitwa na wakati. Wengi bado hufundishwa kwamba betri iachwe iishe kabisa ndipo ijazwe. Ushauri huo ulikuwa na msingi kwa betri za nikeli na kadimiamu. Betri za ioni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991 na ambazo ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, hazina haja nao. Kuishiwa kabisa mara kwa mara huzichakaza. Adui yake mkubwa ni joto, hasa joto likikutana na chaji iliyojaa. Simu iliyoachwa juani juu ya dashibodi ya gari huku ikichajiwa huzeeka upesi. Mfasiri aitaje aina ya betri kila anapotoa ushauri, kwa kuwa neno "betri" peke yake humchukua msomaji hadi kwenye mawe ya tochi.

Mwisho, kuna neno la wananchi ambalo halipaswi kusafishwa hata kidogo: kuvimba. Betri ya lithiamu iliyoharibika hutoa gesi ndani, ikainua kioo au mfuniko wa simu. Mfasiri asishawishike kuandika "kupanuka" kwa kudhani ni la kisayansi zaidi. Shuleni tunafundishwa kwamba vitu hupanuka kwa joto na kurudi vikipoa. Msomaji atasubiri ipoe. Kilichovimba ni kigonjwa, na kila mtu anajua hilo. Betri iliyovimba isichajiwe, isibonyezwe, isitobolewe. Ipelekwe kwa fundi, kwa kuwa yaweza kuwaka moto.

Hoja ya mazoea

Watakuwapo watakaosema kwamba watumiaji wamekwisha kuzoea maneno yaliyopo. Hoja hii ina uzito, na ndiyo sababu hatukugusa "betri" wala "chaji". Historia ya "ngamizi" na "kompyuta" imetufunza kwamba neno lililokwisha kukaa midomoni haliondolewi kwa waraka. Wapo pia wanaopenda "moto", kama isemwavyo kwamba betri ya gari haina moto. Ni neno zuri, lakini kwa simu lingeleta mgongano, kwa sababu simu yenye moto ni ile iliyopata joto, nayo ni hitilafu nyingine. Maneno tunayotaka yabadilishwe ni yale ambayo msomaji huyasoma kwenye kioo tu na hayatamki kamwe. Yanapotamkwa mengine mahali pake, ni dalili kwamba hayakupokewa.

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayatumie kwa majaribio maneno yafuatayo:

Muda wa chaji: saa ambazo simu hufanya kazi kwa chaji moja.
Umri wa betri: muda au mizunguko ya chaji hadi betri inapochakaa.
Ujazo wa betri: kiasi kinachohifadhiwa, kwa miliampea-saa.
Ujazo uliobaki: sehemu ya ujazo wa awali ambayo betri iliyotumika bado inaweza kuhifadhi.
Kubaini hitilafu: kutafuta chanzo cha ubovu kabla ya kurekebisha.
Hali ya kubana chaji: mpangilio wa kupunguza matumizi ya umeme.
Hifadhi ya muda: kumbukumbu za programu zinazoweza kufutwa.
Mawimbi: mawasiliano kati ya simu na mnara, mbali na intaneti.

Maoni ya wasomaji kuhusu mapendekezo haya yatapokelewa kwa shukrani, hasa kutoka kwa wale wanaofundisha ufundi wa simu katika vyuo na wale waliowahi kuyasikia maneno yaliyo bora zaidi katika lahaja zao. Pale fundi atakapokuwa na neno linalotenga mambo kwa usahihi kuliko letu, tutaliandika hilo.